Wanawake wa Jeju na Pumzi ya Maji

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa redioni

Mwalimu, kabla hatujaanza, tafadhali uandike ubaoni maneno haya matano: pumzi, mapafu, mbizi, boya, mizani. Wanafunzi wayasome kwa sauti mara mbili. Maneno hayo yote mtayakuta katika habari ya leo.

Mara nyingi tusikiapo neno historia tunafikiri habari za wafalme na vita. Lakini kazi ya mikono nayo ina historia yake. Hata kuvuta pumzi kuna historia. Leo tutasoma habari za wanawake ambao kwa mamia ya miaka walipata chakula chao kwa pumzi. Waliingia katika maji ya baridi, wakazama mpaka chini bila chombo cha kuwapa hewa, wakarudi juu na mavuno. Twaweza kujifunza mengi kwao, na jambo moja katika hayo laweza kuokoa roho ya mtu.

Wanawake hao ni wa kisiwa cha Jeju. Tazameni ramani ya dunia iliyo ukutani. Tafuteni nchi ya China, kisha Japani. Kati yake mtaona rasi ya Korea ikielekea kusini. Chini ya rasi hiyo kuna kisiwa kimoja, nacho ndicho Jeju. Kilitokana na moto wa ardhini, na katikati yake umesimama mlima Hallasan, wenye urefu wa karibu meta 1,950. Udongo wake ni wa mawe ya volkano. Maji ya mvua hupenya chini upesi, kwa hiyo mashamba ya mpunga hayasitawi kama ya bara. Basi watu wa Jeju waligeukia bahari.

Wanawake wazamiaji wa kisiwa hicho huitwa haenyeo. Neno hilo hutamkwa kama “henyo”, na maana yake ni wanawake wa bahari. Huko Japani nako wako wanawake wenye kazi ya namna hiyo, nao huitwa ama. Lakini leo tutakaa Jeju.

KAZI ILIYOWAANGUKIA WANAWAKE

Zamani kazi ya kuzamia huko Jeju haikuwa ya wanawake peke yao. Wanaume nao walizamia. Tena walizamia kwa amri. Mfalme wa Korea alidai kodi, na kodi ya Jeju ilikuwa mazao ya bahari, hasa konokono mmoja mkubwa mwenye kombe pana, ambaye hushika mwamba kwa nguvu sana. Nyama yake ilipendwa katika nyumba ya mfalme. Kila mwaka watu wa kisiwa walitakiwa watoe kiasi fulani, bahari iwe shwari au ichafuke.

Kodi hiyo ilikuwa nzito mno, wanaume wengi wakakimbia kisiwa. Kwa sababu hiyo, mwaka 1629 serikali ilitoa amri kwamba watu wa Jeju wasitoke kisiwani bila ruhusa. Amri hiyo ilidumu kwa karibu miaka 200. Wanaume walipopungua, mzigo wa kodi uliwaangukia wanawake. Polepole kuzamia kukawa kazi yao, na ujuzi ukapita kutoka kwa mama kwenda kwa binti, na kutoka kwa bibi kwenda kwa mjukuu.

Mtoto wa kike alianza kucheza katika maji mafupi akiwa na umri wa miaka kama 8 au 10. Huko alijifunza kuogelea, kufumbua macho majini, na kushika pumzi. Alipofika miaka 15 au 17 alihesabiwa kuwa mzamiaji. Hata hapo hakwenda maji marefu mara moja. Wazamiaji waligawanywa katika madaraja matatu: wa chini, wa kati na wa juu. Mtu hakupanda daraja kwa cheo cha baba yake wala kwa mali. Alipanda kwa ujuzi wake. Wale wa daraja la juu walijua miamba, mikondo, pepo na majira, nao ndio waliosema leo twende au leo tusiende.

VIFAA NA MOTO

Vifaa vyao vilikuwa vichache. Cha kwanza ni boya la kibuyu kikavu, ambalo mzamiaji alilishika alipopumzika juu ya maji. Chini ya boya ulining’inia wavu wa kutilia mavuno. Cha tatu ni chuma kifupi cha kubandulia konokono mwambani. Tena alikuwa na miwani ya kuzamia. Nguo yake ilikuwa ya pamba, nyepesi, isiyozuia baridi hata kidogo.

Sasa fikirini baridi yenyewe. Maji ya pwani yetu ni ya uvuguvugu mwaka mzima. Kusini mwa Korea, katika majira ya baridi, maji hushuka hata kufika karibu digrii 10 za sentigredi. Tia mkono wako katika maji ya namna hiyo, na baada ya muda mfupi vidole vitaanza kuuma na kufa ganzi. Wanawake hawa waliingia mwili mzima, wamevaa pamba tu.

Kwa hiyo walijenga pwani nyua za mawe za kukinga upepo, na ndani yake waliwasha moto. Waliota moto kabla ya kuingia majini, na walipotoka walirudi motoni. Wakati wa baridi kali walikaa majini kwa muda mfupi tu, labda nusu saa hivi au pungufu. Wakati wa joto walikaa zaidi. Hapo kwenye moto wazee waliwafundisha vijana, ugomvi uliamuliwa, na habari za vijiji zilipokewa. Ua ule ulikuwa baraza lao na shule yao.

NAMNA YA KUVUTA PUMZI

Sasa tufike kwenye pumzi. Katika miaka ya 1960 wataalamu waliwapima wanawake hawa kwa makini. Wawili kati yao walikuwa Suk Ki Hong wa Korea na Hermann Rahn wa Marekani, ambao mwaka 1967 walichapisha habari za wazamiaji wa Korea na Japani. Walipima kina cha mbizi, muda wa mbizi, joto la mwili na hewa iliyo mapafuni.

Waliona kwamba mbizi ya kawaida haikuwa ndefu kama watu walivyodhani. Mzamiaji alishuka meta 5 au 6, akakaa chini ya maji kama nusu dakika, akapanda. Alipumzika nusu dakika nyingine kwenye boya, kisha akashuka tena. Kwa namna hiyo aliweza kupiga mbizi kama 60 kwa saa moja. Wako waliofika kina kirefu zaidi, hata meta 20, na waliokaa zaidi ya dakika moja. Lakini kazi ya kila siku haikutegemea mbizi moja ya ajabu. Ilitegemea mbizi nyingi za kiasi. Haba na haba hujaza kibaba.

Alipotoka majini, mzamiaji alitoa hewa kwa kubana midomo, polepole, na midomo ikatoa sauti kama ya mluzi. Watu wa Jeju huiita sauti hiyo sumbisori, maana yake sauti ya pumzi. Ilisikika mbali. Mwenzake aliposikia mluzi huo alijua kwamba fulani amerudi juu salama. Usiposikika kwa wakati wake, wenzake walijua kuna hatari.

Kabla ya kushuka tena, mzamiaji alivuta na kutoa pumzi kwa kina, lakini kwa muda wa sekunde 5 hadi 10 tu. Kisha alivuta pumzi ya mwisho. Hapa pana jambo la kushangaza kidogo. Pumzi hiyo ya mwisho haikujaza mapafu mpaka juu kabisa. Wanawake wale walivuta nyingi, wakabakiza nafasi kidogo, wakashuka.

Kwa nini hawakuhema kwa muda mrefu ili wapate nguvu ya kukaa zaidi? Sikilizeni vizuri, maana jibu la swali hili ndilo linalookoa roho.

HATARI ISIYOPIGA HODI

Tunapovuta hewa, mwili huchukua ndani yake sehemu iitwayo oksijeni. Hiyo ndiyo inayolisha ubongo na moyo. Tunapotoa hewa, mwili hutupa hewa iliyokwisha tumika, iitwayo kaboni dioksidi. Sasa ukishika pumzi, baada ya muda utasikia kifua kinasukuma na kudai hewa. Watu wengi hudhani ya kwamba kifua kinadai kwa sababu oksijeni imekwisha. Sivyo. Kinadai hasa kwa sababu kaboni dioksidi imezidi. Hiyo ndiyo kengele ya mwili.

Mtu akihema haraka haraka mara nyingi kabla ya kuzama, hatii akiba kubwa ya oksijeni mwilini, kwa sababu damu ilikuwa karibu imejaa tangu mwanzo. Analofanya ni kutupa nje kaboni dioksidi. Yaani ameinyamazisha kengele. Anazama, anajiona yu mzima, kifua hakidai kitu. Huku oksijeni yazidi kupungua. Kisha ghafula anazimia ndani ya maji bila onyo lolote. Mwaka 1961 mtaalamu Albert Craig wa Marekani aliandika habari za waogeleaji waliozimia kwa njia hii, wengine wakafa. Walikuwa watu hodari wa kuogelea. Uhodari wao haukuwasaidia.

Kina cha maji huongeza hatari hiyo. Katika meta 10 chini ya maji, mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu, nao huisukuma oksijeni iingie katika damu. Mtu anapopanda, mgandamizo hupungua, na oksijeni iliyobaki mapafuni haitoshi tena. Ndiyo maana wengi huzimia wakiwa karibu kabisa kufika juu.

Wanawake wa Jeju waliijua hatari hii kabla ya vipimo vya wataalamu, nao waliipa jina. Waliiita pumzi ya maji. Mzamiaji yuko chini, pumzi yake inakaribia kwisha, anageuka apande. Mara anamwona konokono mkubwa katika ufa wa mwamba. Bei yake ni nzuri. Anasema moyoni, nitamchukua huyu mmoja tu. Akikaa amchukue, atavuta pumzi ya maji badala ya pumzi ya hewa. Wazee waliwaonya vijana daima: mwache, panda juu, utamrudia ukiwa na pumzi mpya. Sisi waswahili twasema, tamaa mbele, mauti nyuma. Huko Jeju maneno hayo yalikuwa sheria ya kazi, na waliokufa kwa kuivunja walijulikana kwa majina katika kila kijiji.

BARIDI NAYO INA DESTURI YAKE

Hatari ya pili ni baridi yenyewe. Watu wengi hufikiri kwamba maji ya baridi huua kwa kumgandisha mtu polepole. Huko ni kweli, lakini kifo cha haraka zaidi hutokea katika dakika za kwanza. Wataalamu wa Uingereza, miongoni mwao Frank Golden na Michael Tipton, walilichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Mtu akijitupa ghafula katika maji ya baridi, ngozi hushtuka, naye huvuta pumzi moja kubwa bila kutaka. Kisha hutweta haraka haraka, na moyo hupiga mbio. Kama kinywa kiko chini ya maji wakati wa pumzi ile ya kwanza, huingia maji mapafuni.

Mshtuko huo huwa mkali katika dakika ya kwanza, na kwa kawaida hutulia baada ya dakika mbili au tatu. Tena mtu anayeingia maji ya baridi mara kwa mara, kwa muda mfupi mfupi, hushtuka kidogo kuliko mgeni. Mwili hujifunza.

Miili ya wanawake wa Jeju na wenzao wa pwani ya Korea ilikuwa imejifunza sana. Wataalamu waliona kwamba walistahimili baridi zaidi kuliko wanawake wasiozamia kabla ya kuanza kutetemeka. Tena wakati wa baridi miili yao, hata wakiwa wamepumzika, ilichoma chakula kwa kasi iliyozidi kawaida kwa karibu theluthi moja, ili kutoa joto. Katika miaka ya 1970 zilikuja nguo za mpira zinazozuia baridi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti waliwapima tena, wakakuta kwamba tofauti ile imetoweka. Mwili ulipoacha kufunzwa na baridi, ulisahau somo lake katika miaka michache.

Nguo hizo zilileta faida na hasara. Mzamiaji aliweza kukaa majini saa nyingi na kupata mavuno mengi. Lakini saa nyingi za kazi zilileta uchovu, maumivu ya kichwa na ya masikio. Zamani baridi ilimwambia atoke. Sasa ilimbidi ajiambie mwenyewe.

SHULE YA USIKU NA MIZANI

Ndugu zangu wa madarasa ya watu wazima, sehemu hii inawahusu ninyi hasa.

Mwaka 1910 Japani iliitwaa Korea na kuitawala mpaka mwaka 1945. Katika Jeju kilikuwako chama cha wazamiaji ambacho kilipasa kulinda mapato yao. Lakini mkuu wa kisiwa, Mjapani, ndiye aliyekuwa pia mkuu wa chama. Bei za mavuno ziliwekwa chini, makato yakawa mengi, na wanunuzi waliopendelewa walinufaika kwa jasho la wanawake.

Katika kijiji cha Hado ilikuwako shule ya usiku. Wanawake walizamia mchana, na usiku walikwenda kujifunza kusoma, kuandika na hesabu. Walijifunza pia jinsi ya kusoma mizani. Fikirini jambo hilo. Mwanamke aliyehatarisha roho yake chini ya maji kwa ajili ya kilo moja ya mavuno, alikuwa hawezi kujua kama mnunuzi amemwandikia kilo moja au pungufu. Alipojua kusoma mizani, aliuona wizi kwa macho yake mwenyewe.

Miongoni mwa wanafunzi wa shule hiyo walikuwa Bu Chun-hwa, Kim Ok-ryeon na Bu Deok-ryang. Mwezi wa Januari mwaka 1932 wao na wenzao waliwaongoza wazamiaji kuandamana mpaka soko la Sehwa. Walichukua vifaa vyao vya kazi mikononi. Tarehe 12 Januari, siku ya soko, mkuu wa kisiwa alipita hapo, na wanawake wakalizunguka gari lake wakidai bei ya haki. Aliahidi kuyasikiliza madai yao. Baadaye polisi waliwakamata viongozi, nao wakafungwa. Lakini maandamano yalienea katika vijiji vingine, na watu maelfu walishiriki. Yanakumbukwa kuwa miongoni mwa harakati kubwa za wanawake wa Korea katika siku za ukoloni.

MAMBO YALIVYOENDELEA

Katika miaka ya 1960 wazamiaji wa Jeju walikuwa zaidi ya 20,000. Baadaye mabinti wengi walikwenda shule na kupata kazi nyingine mjini. Mwaka 2016, shirika la UNESCO lilipouandika utamaduni wa haenyeo katika orodha ya urithi wa binadamu, waliobaki walikuwa karibu 4,000, na wengi wao walikuwa wamepita umri wa miaka 60. Hata walipokuwa na uwezo wa kununua mitungi ya hewa, hawakuikubali katika kazi yao. Mwenye mtungi angekomba bahari yote. Mwenye pumzi huchukua kiasi cha pumzi yake, na kinachobaki huzaa.

TUNAYOJIFUNZA

Sasa tuyakusanye mafunzo, ili mtu atakayeingia maji ya baridi, ziwani, mtoni au nchi za mbali, ajue la kufanya.

Kwanza, usijitupe ghafula. Ingia polepole, miguu kwanza, na uso uwe juu ya maji.

Pili, pumzi ikikushtuka, usianze kuogelea. Shika kitu au ulale chali uelee. Toa hewa polepole kwa midomo iliyobanwa, kama wale wanawake wa Jeju. Ngoja dakika mbili au tatu mpaka pumzi itulie.

Tatu, usiheme haraka haraka ili ukae muda mrefu chini ya maji. Na wakatazeni watoto mashindano ya kushika pumzi majini.

Nne, zoea kidogo kidogo, siku kwa siku. Mwenye ugonjwa wa moyo amwone daktari kwanza.

Tano, usiende peke yako. Awepo mwenzako wa kukusikiliza unaporudi juu.

MASWALI YA DARASA

1. Kwa nini kazi ya kuzamia iliwaangukia wanawake wa Jeju?
2. Sauti ya sumbisori iliwasaidiaje wenzake mzamiaji?
3. Mtu anayehema haraka haraka kabla ya kuzama anapoteza nini, na kwa nini ni hatari?
4. Kusoma mizani kuliwasaidiaje wanawake wa Hado? Je, katika kazi yako wewe, ni kitu gani ulichoweza kukihakikisha mwenyewe tangu ulipojua kusoma na kuhesabu? Andika sentensi tatu, uwasomee wenzako.

Mwalimu atayasikiliza majibu yenu. Kwaherini, na Mungu akipenda tutaonana katika somo lijalo.